Ndege wa Mama Fransisko Katika Mvua ya Mawe

Tangu nirudi kutoka Mwimbi, kila anayepita dukani kwangu hapa Majengo ana swali moja: Idi, ulikwenda kupiga picha gani huko, mbona umerudi na kamera yenye ufa na viatu vya mtu mwingine? Nimejibu mpaka mdomo umekauka. Wengine nimewaambia nilikwenda harusini, wengine nimewaambia hayawahusu, na jirani yangu muuza vitenge nimemwambia nilikwenda kuoa, naye akaeneza. Sasa jibu limefika kutoka Ulaya, na Mwalimu Kasiano amelia mbele ya wateja wangu, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha. Kaeni niwaeleze mara moja tu.

Mwalimu Kasiano anafundisha shule ya misheni kule Mwimbi. Kaka yake alifariki miaka michache iliyopita, akaacha mjane, ndiye Mama Fransisko, na mtoto mmoja tu, ndiye Fransisko. Kijana alikuwa dresa hodari, mfunga vidonda wa hospitali, akapelekwa Uingereza kuongeza masomo ya uuguzi. Akiwa huko, baba yake akafa. Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Mtu akiwa mbali, tena masomoni, hapelekewi habari ya msiba. Anasubiriwa arudi, akae, ashikwe mikono, ndipo aambiwe. Basi Mwalimu akaendelea kumwandikia kwamba baba hajambo, baba anakusalimu, baba anasema soma kwa bidii. Kijana akaja kupewa pole na msafiri mmoja wa huku kwetu waliyekutana London, tena kwenye foleni ya chakula.

Tangu siku hiyo hakuamini tena neno la nyumbani. Kisha akapata kifua kikuu, akalazwa, na madaktari wakataka kumpasua ili waliokoe pafu moja. Akakataa. Akaanza kukataa na chakula. Alikuwa ameshika jambo moja kichwani: mama naye amekufa, wananificha, nirudi kwa nani? Mama yake hajui kuandika. Barua zake zote anaandika Mwalimu, kwa mkono ule ule uliomsalimu kwa niaba ya marehemu.

Mwalimu alipokuja dukani kuniomba shauri, nikamwambia hilo jambo dogo, mama apigwe picha, ipelekwe posta, kwisha. Akasema Fransisko ataiona kuwa picha ya zamani. Lakini katika barua yake ya mwisho kijana alieleza kitu. Alisema nje ya dirisha lake inadondoka theluji, nyeupe, polepole, kama unga unapochekechwa, na vindege vidogo vya kawaida tu vinakuja kuokota makombo katikati ya weupe ule. Kitandani hana kingine cha kutazama. Mama yake aliposomewa hayo akasema naye apigwe picha uani kwake, akiwa na ndege wake, na kitu cheupe kikidondoka. Fransisko akiiona atajua kwamba mama amesikia barua ya mwaka huu, na aliyekufa hasikii barua.

Nikauliza, cheupe gani, Ufipa hakuna theluji. Mwalimu akasema, mvua ya mawe. Nikacheka. Yeye hakucheka, nami nikaona haya, nikaanza kufunga vioo vyangu vya kupigia picha.

Majengo mpaka Chanji

Mtasema mtu anayetoka Majengo kwenda Chanji, mtaa wa jirani tu, hana safari ya kusimulia. Ndivyo nilivyodhani na mimi. Nilipanda na Mwalimu lori la chumvi la Sudi, mtoto wa shangazi yangu, tukaondoka jua likichomoza, na jua lilipokuwa utosini tulikuwa bado Chanji. Sudi ana mke pale. Mke alikuwa amenuna kwa jambo ambalo sikuambiwa, na Sudi akasema hawezi kushika usukani akiwa na kinyongo cha nyumbani, barabara itamwadhibu.

Basi nikakaa juu ya magunia nimepakata sanduku la vioo. Kamera yangu mnaijua, ni ya mbao, ya miguu mitatu, na picha inashika kwenye kioo, si kwenye utepe kama zile za vijana wa siku hizi. Kioo kikivunjika, na picha imevunjika. Abiria wenzangu walishuka, wakanunua mihogo, wakapanda, wakashuka tena. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Mwalimu Kasiano yeye alikaa ameshika kofia mapajani, akitazama mawingu. Kila wingu jeusi lilipopita aliliangalia mpaka likaisha.

Mwishowe Sudi akatoka anafuta mdomo, na mke nyuma yake amebeba sahani ya wali na maharage kwa ajili yangu, akaniomba radhi kwa kunichelewesha. Nilipokwisha kuonja yale maharage, ile hotuba niliyoiandaa sikuitoa.

Chanji mpaka Matai

Ilikuwa masika inaelekea mwisho, ulezi unakomaa, na njia yote ilikuwa tope. Karibu yangu alipanda mama mmoja mnene, mchangamfu, ana tenga la dagaa wa Kasanga, na kabla hatujafika mbali nilikwisha jua habari za wakwe zake wote. Lori lilipozama magurudumu ya nyuma tukaambiwa wanaume washuke wasukume. Nikamkabidhi sanduku langu, nikamwambia humu mna vioo, dada, tafadhali sana. Akaniambia niondoe wasiwasi, yeye amelea watoto tisa.

Tulisukuma. Kiatu changu cha kulia kikabaki chini ya tope, nikapiga magoti kukitafuta kwa mikono, cha kushoto nacho kikang'oka kikaenda. Wenzangu walicheka mpaka wakashindwa kusukuma. Niliporudi juu, pekupeku, nilimkuta yule mama amekalia sanduku langu. Alisema lori lilikuwa linatikisika, akaona njia ya kulinda vioo ni kuvigandamiza kwa uzito.

Nilifungua nikiwa nimefunika kitambaa cheusi, maana mwanga huviharibu, nikapapasa. Vioo vizima vilikuwa viwili tu. Nilimwambia yule mama maneno ambayo sitayarudia. Baadaye akachukua kipande cha khanga yake, akakipasua, akanipa nivifungie vile viwili vilivyobaki, na machozi yanamtoka. Nami nikajiona sina maana, nikamwambia yamekwisha, dada yangu, kudura ya Mungu.

Matai mpaka Mwimbi

Sudi alikuwa anaelekea Kasanga, akatuacha Matai. Mwalimu akampata mtu wa baiskeli, jina lake Zakaria, atubebee mizigo mpaka Mwimbi. Zakaria alifunga kamera na sanduku nyuma ya baiskeli, akavifunika vyote kwa kile kitambaa changu cheusi kwa sababu ya manyunyu, na tukaanza kutembea, Mwalimu mbele, Zakaria akisukuma, mimi nyuma pekupeku.

Nyanda zile mwezi ule zinapendeza, siwezi kukataa. Kila upande ni matuta na ulezi umeinamisha vichwa, na kila shamba lina kichanja, na juu ya kichanja yuko mwanamke au mzee anaamia ndege, anapiga kelele, anarusha udongo kwa kombeo. Toka alfajiri mpaka jua linazama wanawafukuza ndege. Lakini nikaona jambo la ajabu. Tulipokaribia, kelele zilikoma. Wanawake waliteremka vichanjani, wakapiga magoti kando ya njia. Wanaume walivua kofia. Ndege wakashuka juu ya ulezi, na hakuna aliyewafukuza mpaka tulipopita. Nikadhani Wafipa wa huku wana heshima iliyopita kiasi kwa wapiga picha.

Kwenye nyumba moja tuliitwa tukapewa ugali wa ulezi na uyoga, bila kuulizwa tunatoka wapi. Bibi wa pale alinishika mkono kwa muda mrefu, akanitazama miguu yangu isiyo na viatu, akatikisa kichwa. Zakaria alikuwa anajibu kwa Kifipa, nisichokijua, kwa sauti ya chini na kula kwa sauti kubwa. Ndipo Mwalimu aliyekuwa ametangulia akarudi, akasikia, akapandwa na hasira. Kumbe watu wale waliona sanduku dogo, kitambaa cheusi, na mwanamume anafuata pekupeku. Walidhani nampeleka mwanangu kuzikwa. Na Zakaria, badala ya kuwasahihisha, alikuwa anasema tumeshapoa, tumeshapoa.

Nilitaka kumrudishia bibi yule chakula chake, lakini kilikuwa tumboni. Mwalimu akamweleza ukweli na kumwomba msamaha. Bibi alifikiri kidogo, akasema pole haipotei, tuiweke tu, kuna siku itahitajika.

Mwimbi, uani kwa Mama Fransisko

Nilimtazamia mama mgonjwa, mnyonge. Nikakuta mwanamke mrefu, mkavu, mikono imekomazwa na jembe. Alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kwa namna ya kwao ya kumpokea mgeni, halafu akaniletea kuku na kisu kwa mkono mmoja. Alijua mimi Mwislamu, hakutaka nile kwa mashaka, nichinje mwenyewe. Jioni ile ile akanitolea viatu vya marehemu mumewe. Nikakataa. Akasema viatu havina msiba, vina miguu tu. Vilinienea kama vyangu.

Asubuhi nikaona kazi aliyoifanya. Tangu Mwalimu aondoke kunifuata, kila kulipokucha alikuwa anakaa kwenye kigoda chake barazani, chini ya paa, anamwaga konzi ya ulezi miguuni ili ndege wazoee. Nao walikuwa wamezoea. Walikuja shomoro, wakaja chiriku, wakaja hua wawili, na yule ndege mweusi kwa mweupe anayetembea huku akitikisa mkia, ambaye kila ua una wake na hakuna anayempiga jiwe. Mama alisema Fransisko alipokuwa mdogo alimwita yule tikisamkia ndugu yake mdogo, maana hakuwa na mwingine.

Majirani walikuwa hawana raha naye. Wao wanashinda juani wanaamia, yeye anaita ndege na kuwamwagia chakula, tena miezi hii ambayo vihenge vimebaki na vumbi. Yeye aliwajibu kwamba ndege anayekula kwake hayuko kwao. Hilo wakalivumilia. Lakini habari ikavuja kwamba yule mtu wa mjini mwenye chupa za dawa za kusafishia picha anangoja mvua ya mawe. Hilo hawakulivumilia.

Akaja Mzee Anselmi. Huyu ndiye kijiji kizima kinamtegemea kuzuia mawe. Wingu baya likitokea anapanda kilimani na pembe yake, anapiga mpaka lipite. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Hakuitikia. Alisimama uani, pembe kwapani, akasema nami kwa Kiswahili chake cha taratibu ili nisikose neno.

"Mimi msimu mzima nafukuza kitu. Wewe umekuja kukingoja. Ulezi ukilala chini, watoto wa hapa watakula picha?"

Nasema kweli, sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimewaza mama na mwanawe, nikasahau kwamba mvua ya mawe haichagui ua mmoja. Ni Mama Fransisko aliyejibu, amekaa pale pale kwenye kigoda.

"Piga pembe yako, Anselmi. Piga kwa nguvu, maana na mimi nina shamba. Siwezi kuomba mawe. Naomba tu kama yatakuja, yaje huyu akiwa hapa."

Mzee akamtazama sana, akaondoka. Baada ya hapo nilimpa mama shauri la kimjini. Nikamwambia tumpandishe mtu juu ya paa achekeche unga wa mahindi, mimi nipige, kwenye picha hakuna atakayejua. Hizo ni hila zetu sisi, na harusi nyingi mlizoziona ukutani kwangu zina maua ya karatasi. Alikataa katakata. Alisema Fransisko ametwanga unga huo utoto wake wote, ataujua. Na akijua amedanganywa tena, safari hii hatawasamehe, atakufa kwa makusudi.

Nikakaa kungoja. Nilikula kumbikumbi, nikala maharage, nikakaribishwa pombe ya ulezi na kila nyumba, nikakataa kila nyumba mpaka wakaacha kunikaribisha na chochote. Mwalimu alikuwa anatoka darasani mbio kila kulipokuwa na giza. Mawingu yalikuja, pembe ikalia kilimani, yakapita. Na mimi, kila pembe ilipolia, nilikuwa namwombea Mzee Anselmi ashindwe. Nilijichukia kwa hilo lakini sikuacha.

Siku ya mawe

Wingu lilitokea upande wa Kalambo mchana, baada ya chakula. Halikuwa jeusi. Lilikuwa la kijani kwa chini, na upepo ukawa baridi ghafla. Pembe ikaanza. Nilikuwa nimesimika kamera kwenye mlango wa jiko, ng'ambo ya ua, ikitazama baraza ya nyumba kubwa. Mama Fransisko akatoka ndani amevaa khanga yake ya siku zote, nikamwuliza mbona hakuvaa ile mpya ya kanisani, akasema mpya Fransisko haijui. Akakaa. Akamwaga ulezi.

Mawe ya kwanza yalikuwa machache, yanaruka chini kama bisi. Halafu yakaja yote. Kelele ya mabati ya jirani ilikuwa kubwa hata sikusikia sauti yangu mwenyewe. Ua ukawa mweupe mbele ya macho yangu, na hewa yote kati yangu na mama ikawa michirizi myeupe. Wale ndege waliokuwa uani, badala ya kutawanyika, walikimbilia walikozoea, chini ya paa, miguuni kwake. Shomoro walijisukuma mpaka chini ya kigoda. Tikisamkia akasimama juu ya kidole cha mguu wake. Mama akanyoosha mkono, akamwaga ulezi taratibu kama asubuhi zote, akatazama kwangu. Nikabonyeza kipira cha kupigia picha.

Lazima niwaeleze jinsi kamera hii inavyofanya, maana hapo ndipo kisa kinapogeukia. Ukishaingiza kioo, huoni tena mbele kupitia kamera. Unapiga ukiamini kwamba ulichokiona bado kipo. Nilitoa kioo cha kwanza, nikaingiza cha pili, kichwa kiko chini ya kitambaa. Jiwe moja likagonga ukingo wa mlango likaruka, likapasua mbao ya kamera. Nikakaza kitambaa kwenye ufa, nikabonyeza tena. Nilipoinua kichwa, kigoda kilikuwa kitupu.

Pembe ilikuwa imekoma. Mimi sikuwa nimetambua, mama alitambua. Alikuwa amechukua ungo, akajifunika kichwani, akaingia kwenye mawe kumfuata Mzee Anselmi kilimani. Nikatoka mbio na viatu vya marehemu, nimejifunika sufuria. Tulimkuta mzee amekaa chini, damu inashuka kwenye sikio, bado amekumbatia pembe. Mama akamweka chini ya ungo, mimi nikamshika upande wa pili, tukashuka naye. Barazani aliketi kwenye kile kigoda kitupu, akawatazama ndege waliojaa pale, akasema yeye amepiga pembe karibu kufa, kumbe wenye akili wamekimbilia hapa.

Yalipokoma, watu wakatoka kutazama. Mawe yalikuwa yamepita ukanda mwembamba tu, yakasaga shamba la Mama Fransisko lote la bondeni, na kona za mashamba mawili. Kwingine ulezi umesimama. Nilimtazama mama akitazama shamba lake. Akaniambia nisibaki nimesimama, kuna vichwa vya kuokota, na mimi ni mmoja wa waliokuja na mawe. Tukaokota mpaka jua likazama, mimi, Mwalimu, na wale majirani walioninunia. Mgongo wangu mpaka leo una habari zake.

Ghalani, na kurudi

Picha nilizisafisha mle ghalani kwake, palipo giza mchana kutwa, kwa maji ya yale yale mawe tuliyoyakusanya kwenye mtungi. Maji safi namna ile sijapata hapa mjini. Kesho yake jua lilipotoka nikaweka karatasi za picha chini ya vioo juani, zikajichora mbele ya macho yao.

Ya kwanza ilikuwa sawasawa. Michirizi myeupe imejaa, mama yuko nyuma yake, uso umefifia kidogo lakini ni yeye, mkono umenyooshwa na punje zinaonekana zikianguka, na tikisamkia juu ya mguu. Mwalimu aliishika kwa ncha za vidole, akageukia ukutani.

Ya pili nilitaka kuitupa. Kigoda kitupu, mawe yanaanguka, na ndege wote wale wanaokota ulezi kwa utulivu, kana kwamba yuko. Mama akaniomba. Akaitazama muda mrefu kuliko ile ya kwanza.

"Hii usimpelekee sasa," akasema. "Iweke. Siku nikiondoka, mtumie hii. Ataelewa."

Mwalimu akataka kusema kitu, labda kwamba ataishi miaka mingi, mambo yale tunayosema sote. Mama akamzuia kwa mkono. Akamwambia hamlaumu, alificha kwa huruma, lakini huruma ile ilimfanya mwanawe aomboleze peke yake kwenye foleni. Kisha kioo cha picha ile akanikabidhi mimi, si Mwalimu.

"Kaa nacho wewe. Ndugu ndio wanaoficha. Wewe si ndugu, tena una mdomo mkali. Niahidi."

Nikaahidi. Niseme nini? Nilikuwa nimevaa viatu vya mumewe.

Safari ya kurudi haikuwa na mambo. Katika ile nyumba ya ugali na uyoga nilisimama nikamsalimu yule bibi, akaniuliza ile pole yake bado ninayo. Nikamwambia ninayo.

Picha ya kwanza ikaenda Ulaya kwa ndege. Tukangoja. Ijumaa Mwalimu akaingia dukani, mkiwa baadhi yenu mmekaa hapa hapa, akasimama kati ya wateja akifungua barua asiyoweza kuisoma kwa machozi, nikamsomea mimi. Fransisko amekubali kupasuliwa. Anakula. Na zaidi ya hayo anamgombeza mama yake. Anauliza, nani amemruhusu kumwaga ulezi kwa ndege miezi ya njaa, wakati yeye alichapwa alipokuwa mdogo kwa kumwaga nusu ya konzi hiyo. Anasema aache mara moja. Hapo ndipo Mwalimu alipocheka na kulia kwa pamoja, maana hakuna mtu anayemgombeza marehemu.

Sasa mnataka niwaonyeshe ile ya pili. Sitaionyesha. Kioo chake kimefungwa kwenye kile kipande cha khanga, kiko juu ya kabati, pale. Mama Fransisko hajambo. Lori la jana limeniletea salamu zake na ulezi kidogo wa kuokota. Lakini kila lori linalotoka Matai likisimama hapo nje, mimi namtazama dereva usoni kwanza kabla sijamsalimu. Siku mkiniona nakishusha kile kioo, msiniulize kitu. Nipeni pole, mniache niende posta.